Nyumba Arobaini na Tatu za Madhopatti

2 Juni

Mto Sukhni umekauka. Jina lenyewe maana yake Mkavu, na kwa miezi tisa ya mwaka haulivunjii heshima. Leo nilipokwenda darajani kusoma kipimo nilimkuta mbuzi amelala chini ya nguzo, pale panapotakiwa kuwa na maji ya mita moja. Nikaandika sifuri. Bwana Gyawali akanirudishia daftari: niandike sifuri nukta sifuri sifuri, kwa sababu wafadhili wanapenda tarakimu tatu.

Bwana Gyawali ndiye mkuu wa mradi. Ni mhandisi wa kutoka milimani, hajui kuogelea, na kila akivuka daraja hushika ukingo kama bibi kizee. Ametuwekea ofisi juu ya duka la mbolea. Humo mna ramani ya kidijitali ya mto mzima, tangu vilima vyetu vya Nepal hadi kule chini unakoingia Bihar, India. Nchi mbili kwenye kioo kimoja. Mwezi wote wa Mei wakubwa wa pande zote mbili walibishana mpaka uchorwe kwa rangi gani. Wao walikataa nyekundu, sisi tukakataa kijani, ukawa wa kijivu. Wakapiga makofi, wakapigwa picha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa nasoma kipimo mara tatu kwa siku, na muda unaobaki nachora nyumba kutoka kwenye picha za setilaiti. Kila paa ni nukta. Kila nukta lazima iwe na jina la mwenye nyumba, la sivyo kompyuta inaikataa.

9 Juni

Mkutano wa ujirani mwema, mpakani. Hotuba saba. Kila mkubwa alivishwa shada la maua mpaka wakawa hawaonani.

Walituonyesha njia rasmi ya tahadhari: kutoka kwangu kwenda kwa Gyawali, wilaya yetu, mji mkuu wetu, mji mkuu wao, jimbo lao, wilaya yao, kisha mwenyekiti wa kijiji. Niliuliza inachukua muda gani. Siku mbili, wakajibu kwa fahari. Zamani zilikuwa tano. Maji hutoka darajani kwetu hadi Madhopatti kwa saa saba. Nilitaka kulisema hilo, lakini sambusa zilikuwa zinaingia na hakuna aliyekuwa na masikio.

Ili tusionekane wavivu, tumeruhusiwa kupiga simu za majaribio kwa mtu mmoja katika kila kijiji cha chini. Majaribio tu. Tahadhari ya kweli bila sahihi ya Gyawali ni kosa. Nimepewa orodha. Mstari wa nne: Madhopatti, Jaimala Devi.

Mama mkwe wangu.

10 Juni

Niliolewa Madhopatti nikiwa na miaka ishirini. Wa kwetu huolewa kule, wa kule huolewa kwetu. Mpaka unauvuka kwa miguu ukiwa na ndoo ya maziwa kichwani. Nilikaa miaka minane bila mtoto. Mama mkwe aliniita shamba la chumvi. Wala hakunisema chumbani. Alisimama uani asubuhi, mkono kiunoni, akanitangaza kwa mtaa mzima. Watu wengine hutukana kwa hasira; yeye hutukana kama anayepepeta mchele, polepole, hasazi punje. Mume wangu Lalbabu alipokwenda kiwandani Ludhiana akaoa mwingine, mama yake alilitoa sanduku langu nje akasema njia ya Nepal naijua.

Sasa ndiye atakayepokea simu zangu. Mwanawe mkubwa, shemeji yangu Nagendra, ni mwenyekiti wa kijiji na hataki kusumbuliwa. Ameandikisha namba ya mama yake.

13 Juni

Simu ya kwanza.

"Nani?"

"Ofisi ya mto, upande wa Nepal. Hili ni jaribio. Kipimo ni sifuri."

"Sauti hii naijua."

"Ni mimi, mama. Punita."

"Kwa hiyo serikali mbili zimekaa, zikatafuta, zikakosa mtu, zikakuokota wewe."

"Kipimo ni sifuri, mama."

"Sifuri. Hata mto wako hauzai."

Akakata. Nikajaza fomu: jaribio limefanikiwa.

20 Juni

Mvua ya kwanza. 0.35. Mbuzi amehama.

26 Juni

Ramani ya Madhopatti imerudi kutoka upande wao ikiwa na masahihisho. Yaani nyumba arobaini na tatu zimepigwa msalaba.

Nazijua. Ni mtaa wa Wamusahari, watu wa tabaka la chini kabisa linaloitwa najisi, chini ya tuta, upande wa mto. Tuta la udongo linakikinga kijiji. Wao wako mbele yake, kama kitambaa cha kufutia miguu kilivyo mbele ya mlango. Mle anakaa Bhulni, mkunga aliyempokea Lalbabu na nusu ya kijiji, na ambaye mama mkwe hakumruhusu kupita kizingiti isipokuwa siku za uzazi.

Nagendra ameandika kwamba yale ni mazizi ya msimu. Nagendra amekodisha ardhi ile kwa mwenye tanuri la matofali. Nyumba zikionekana kwenye ramani, wilaya yake itamtaka awatafutie watu hao kiwanja nyuma ya tuta, na viwanja vya nyuma ya tuta ni vyake. Hata mtoto wa darasa la tatu angelielewa hili. Bwana Gyawali hakulielewa. Nilimwonyesha moshi wa majiko kwenye picha ya setilaiti. Akasema kila nchi huhesabu nyumba zake, na sisi tusiharibu ujirani mwema kwa moshi.

"Futa, Punita," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nikafuta. Nukta arobaini na tatu, moja baada ya nyingine. Ilichukua dakika sita. Ninawadharau wote waliokuwemo chumbani mle, na tulikuwa wawili.

4 Julai

0.90. Mama mkwe hajakosa simu hata moja. Inaita mara moja tu, anapokea. Nadhani hana kazi. Hajui kusoma, kwa hiyo anafunga mafundo kwenye pindo la sari, fundo moja kwa kila nusu mita. Leo kaniambia jana nilichelewa kwa robo saa, na kwamba uvivu wangu unavuka mpaka bila kibali.

8 Julai

1.65.

11 Julai

Saa tatu asubuhi kipimo kilifika 4.20, juu ya alama nyekundu. Bwana Gyawali alikuwa na mwandishi wa gazeti ofisini, basi akawa simba. Akatia sahihi papo hapo, akaniamuru nipige simu zote mbele ya kamera. Nikapiga.

Maji yakaishia kwenye mashamba ya vijiji vya katikati. Madhopatti yalifika matope ya kunawia miguu.

Nimesikia yaliyotokea huko. Mama mkwe aliwazungukia watu wote nyuma ya tuta, akawapandisha juu na vitanda vyao na magunia yao, kwenye mvua, na wakakaa hapo mpaka jioni wakiutazama mto uliotulia. Sasa wanamwita Bibi Mafuriko. Wanamwimbia akipita. Nagendra amemwambia mbele za watu kwamba amelogwa na mkaza mwana aliyemfukuza.

Nilicheka mpaka machozi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

12 Julai

Alipokea.

"Kipimo ni mbili na kumi," nikasema.

Hakutukana. Alikata simu taratibu. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

19 Julai

Bwana Gyawali amekwenda mji mkuu kuionyesha ramani kwenye kongamano la wataalamu. Kabla ya kuondoka alitumia asubuhi nzima kuchagua tai.

22 Julai

Mvua. 2.40.

23 Julai

Mvua haijakatika. 3.30. Kaka yangu amehamishia ng'ombe shuleni.

24 Julai

Nayaandika haya siku mbili baadaye, lakini naiweka tarehe yake.

Saa nne asubuhi kipimo kilikuwa 5.20 na rangi ya nguzo ilikuwa imekwisha. Juu ya hapo hakuna namba. Mto ulikuwa unabeba miti mizima, mizizi juu. Daraja lilikuwa linatetemeka miguuni mwangu kama nyati aliyefungwa.

Nilimpigia Gyawali. Nilisikia vijiko na vikombe nyuma yake. Alisema nisitume chochote. Tulishaaibika mara moja, na leo mchana ndiyo zamu yake ya kuzungumza. Nimpelekee picha ya kioo cha kompyuta, atawashirikisha wenzake. Nikampelekea. Akajibu kwa kidole gumba.

Nilimpigia Nagendra. Alikuwa mjini kwenye kesi yake ya ardhi. Nilimwambia kuna watu chini ya tuta.

"Shemeji, huko hakuna watu," alisema. "Hata ramani yenu inasema hivyo."

Sijapata kujibiwa kwa maneno yaliyonistahili kiasi kile.

Basi nikapiga mstari wa nne. Iliita mara moja.

"Ngapi?"

"Tano na ishirini. Bado inapanda."

"Majuzi ulisema nne na ishirini, nikawa mwendawazimu wa kijiji."

"Safari hii ni kweli."

"Unaapa kwa nini? Mtoto huna."

Nilihesabu mpaka tatu. "Siapi, mama. Nasoma. Saa kumi na moja jioni maji yatakuwa kwenu."

"Mimi niko nyuma ya tuta."

"Walio mbele ya tuta je?"

Nilisikia mvua ya kwao, ileile ya kwetu.

"Nagendra anasema pale hapana watu," akasema.

"Na mimi nimechora kwamba hapana. Lakini wewe unawaona kila siku kwa macho yako."

"Nikiwaambia watoke hawatatoka. Wananiimbia. Kwa ajili yako."

"Najua."

"Basi usinisemeshe, nifikiri." Nikasikia akivuta pumzi. "Mtu asiyetaka kutoka kwa heri," akasema, si kwangu hasa, na simu ikakatika.

Nilipopiga tena haikuita. Mnara wa simu wa upande wao ulikuwa umezimika.

25 Julai

Sina la kuandika. 4.80.

26 Julai

4.10. Hakuna simu inayoshika. Gyawali ametuma picha yake akiwa jukwaani. Tai ni ya buluu.

28 Julai

Nimekwenda mwenyewe. Kaka alisema nikifa huko nisimlaumu. Askari wa mpaka walikuwa juu ya paa la kituo chao wanaanika soksi, hawakuniuliza kitu. Nilitembea juu ya tuta tangu alfajiri hadi saa tano, maji kushoto, maji kulia.

Mtaa wa Wamusahari haupo. Si kwamba umebomoka. Haupo kabisa, kama kwenye ramani yangu.

Watu wake walikuwa juu ya tuta, chini ya maturubai, na nguruwe wao na masufuria yao. Nilianza kuhesabu vichwa, nikashindwa, nikakaa chini. Mzee mmoja, Jhagru, akanisogezea kwenye jani mchele uliotwangwa bapa, ule unaoliwa bila kupikwa, akanieleza.

Saa saba mchana Jaimala Devi alishuka mtaani kwao. Tangu wamjue hajawahi kukanyaga pale. Wenye hadhi yake huoga wakiguswa na kivuli cha pale. Akawaomba kwa adabu watoke, maji yanakuja. Walishangaa kuliko kuogopa. Adabu kutoka kwa mama yule waliichukulia kuwa homa. Wakamwimbia Bibi Mafuriko, akaondoka.

Saa kumi akarudi. Safari hii hakuomba. Alisimama katikati ya mtaa, mkono kiunoni, akaanza na mlango wa kwanza. Alisema nguruwe wao wana baba wanaojulikana, tofauti na wao. Alitaja binti aliyetoroka, mwana aliyefungwa, mke aliyerudishwa. Miaka yote ile alikuwa amekaa juu ya tuta anasikiliza. Hakurudia neno. Akafika kwenye jiko la Jhagru, akatia konzi ya matope kwenye sufuria ya wali, akaipiga teke.

"Nimetukanwa na mabwana watatu na polisi wawili," Jhagru aliniambia. "Sijatukanwa hivyo. Nilitaka kumuua."

Wote walitaka. Walimjia na fimbo, na majembe, wanawake mbele, watoto nyuma wakishangilia. Yeye akakimbia, mwanamke wa miaka sabini, sari imekunjwa magotini, akapanda tuta akigeuza shingo na kuendelea kuwatukana. Walipomzingira kule juu akaketi chini, hana pumzi, akasema: "Sasa geukeni."

Wakageuka. Mto ulikuwa umevimba toka ukingo hadi ukingo, rangi ya chai, na miti ilikuwa inakuja.

Walikuwa na muda kama wa kuchemsha maji. Wakashuka mbio kuwachukua wazee na mbuzi, wakapanda. Wote isipokuwa mmoja. Nyumba ya Bhulni ilikuwa ya mwisho kabisa, upande wa maji. Mjukuu wa Jhagru alimwona mlangoni wakati matusi yanapita, anapukuchua mahindi. Bhulni alicheka, akasema leo bibi kaamka vibaya, akaendelea na mahindi yake. Waliporudi kumfuata, mkondo ulikuwa umeshapita katikati.

Mama mkwe nilimkuta amekaa peke yake pembeni ya maturubai. Walikuwa wamempa gunia la kukalia. Hakuna aliyekaa naye. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibaki kama mkwaruzo wa ufagio.

"Umekonda," akasema. "Kwa kaka yako hawakulishi?"

Nilimwambia nimesikia alichofanya.

"Umesikia na la Bhulni?"

"Nimesikia."

Aliyageukia maji. "Wengine niliwatukana siku moja wakatoka," akasema. "Yeye nimemtukana miaka arobaini na tano. Alikuwa ameshanizoea."

Nikamwachia mchele wangu nikarudi.

6 Agosti

Bwana Gyawali amerudi na cheti. Ripoti yake inasema mfumo umefanya kazi. Madhopatti: nyumba zilizoharibika, hakuna. Vifo, hakuna. Nilimuuliza kuhusu Bhulni. Akaitafuta nyumba yake kwenye ramani, kwa uangalifu mkubwa, akaniambia kwa masikitiko kwamba haipo.

12 Agosti

Boti za upande wao zinagawa unga na maturubai kwa kufuata nukta. Zinapita mbele ya tuta bila kusimama. Jhagru amepunga shuka mpaka limechanika.

13 Agosti

Nimezirudisha nukta zote arobaini na tatu. Gyawali akipenda anifukuze; nywila ya ramani ninayo mimi, yeye hata herufi kubwa hajui kuibonyeza. Lakini kompyuta inataka jina kwa kila nukta, na mimi nayajua matano tu. Miaka minane nilipita juu ya vichwa vyao, nikajua majina matano.

Nimempigia mama mkwe. Mnara umerudi.

"Nahitaji majina yao, mama. Kamili. Nyumba kwa nyumba."

"Nao wataniambia mimi?"

"Una kazi nyingine?"

Nikasikia kitu kama kicheko, au kikohozi.

21 Agosti

Majina manne leo. Wanamsimamisha juani kabla ya kumwambia. Wengine wanamwambia la uongo kwanza, wamwone akilirudia. Nagendra amemkataza kwenda; amekwenda.

3 Septemba

Majina ishirini na nane. 1.40. Boti ya kwanza imesimama.

17 Septemba

Leo alipiga yeye.

"Arobaini na mbili," akasema. "Limebaki moja."

"La Bhulni nimeshaliandika."

"Lifute. Hilo si jina."

Ni kweli, na sikuwahi kulifikiria. Bhulni maana yake Msahaulifu. Alipoletwa kijijini akiwa mwali alipita mbele ya mlango wa Jaimala Devi akasahau kuvua kandambili kama ilivyowapasa wa mtaa wake, na Jaimala Devi, naye mwali wakati huo, akamwita hivyo mbele ya watu. Likamganda. Mume alikufa, mtoto hakuzaa, yeye aliyewapokea wa wenzake wote. Mama mkwe ameuliza turubai kwa turubai. Hakuna ajuaye kwao aliitwa nani.

"Kwao ni wapi?" nikauliza.

"Upande wenu. Alivuka kama wewe." Kisha akasema: "Wewe ndiye mwenye ramani."

Nimehesabu. Kati ya daraja na mpaka kuna mitaa ya Wamusahari kumi na tisa.

25 Septemba

Mitaa mitano. Hawamjui. Gyawali anazikata siku za safari hizi kwenye likizo yangu.

2 Oktoba

Mitaa tisa.

8 Oktoba

Mtaa wa kumi na mbili, nyuma ya kiwanda cha kukoboa mpunga. Ajuza mmoja alikuwa anafuma jamvi. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine: mkunga, aliolewa Madhopatti zamani, hakurudi. Hakuinua kichwa. Aliuliza kama alikuwa na kovu la moto mkononi, hapa, juu ya kiwiko. Sikujua. Nikapiga simu pale pale.

"Alikuwa nalo," mama mkwe alisema. "Mkono wa kushoto. Kila nilipozaa nililiona."

Ajuza akaendelea kufuma mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasema yule ni dada yake mdogo, na akalitaja jina.

"Sonmati," nikamwambia mama mkwe.

Alilirudia. Akalirudia tena, polepole, kama mtu anayepita juu ya daraja la ubao.

"Natamka sawa?" akauliza.

Nikamwambia anatamka sawa.